Wakili Aliyesema Vizuri

Wapendwa, kaeni vizuri, leo nawapeleka mahakamani. Naona huko nyuma kuna mzee ameshtuka. Tulia, mzee wangu, hatuendi kama washtakiwa. Tunakwenda kumtazama wakili mmoja.

Wakili huyu alikuwa na jina mjini kwao. Alikuwa na sauti, alikuwa na maneno, na akisimama kusema hata makarani waliacha kuandika ili wamsikilize. Basi familia moja ya wafugaji ikamwekea ndugu yao wakili huyu. Ndugu yao alishtakiwa kwamba alivamia duka kwa panga, akapora mchana kweupe. Wakili alionana naye asubuhi ileile ya kesi, koridoni, dakika chache kabla ya kuitwa ndani. Mfugaji akaanza kueleza alikokuwa siku ile. Wakili akamkatiza, akamwambia anyamaze, kusema ni kazi yake yeye.

Na kusema, alisema. Alizungumza habari za watoto wadogo, za mama mgonjwa, za mtu ambaye hajawahi hata kugombana na jirani. Watu walitoa leso. Hakimu mwenyewe alimsifu, halafu akamfunga mteja wake miaka thelathini. Wakili alitoka pale akipewa mikono, akaenda nyumbani akala vizuri, akijua ametimiza wajibu. Jamani, mnaona kosa liko wapi? Alimwombea huruma mtu asiye na hatia, na hakujua kwamba hana hatia, kwa sababu hakumwuliza.

Mwaka wa nne ikamfikia barua. Mfungwa amekata rufaa, na katika sababu alizoandika kwa mkono kule gerezani, moja ilimhusu yeye: wakili wangu alinitetea bila kuniuliza nilikuwa wapi, siku ile nilikuwa joshoni naogesha ng'ombe, na daftari la josho lipo. Mahakama ilimtaka wakili ajibu kwa kiapo.

Yule bwana alikasirika, wapendwa. Yeye, na jina lake lote, anaambiwa hajui kazi! Wenzake wakamshauri aandike kwamba hakumbuki, mambo yaishe. Kwake hiyo haikutosha. Alitaka kuapa kwamba daftari hilo halipo kabisa. Kwa hiyo akawasha gari, akaenda kwenye josho lenyewe ili arudi na uhakika.

Alimkuta mama mmoja, mtunza josho, amevaa mabuti ya mpira, ananuka dawa ya kupe. Akamwuliza kama ana daftari la mwaka ule. Mama akaingia stoo, akasogeza madebe, akatoka na daftari lililoliwa kona na panya. Akalifungua. Tarehe ileile. Jina la mfugaji, ng'ombe kumi na tisa, saa nane mchana, na alama ya dole gumba pembeni. Saa nane ndiyo saa duka lilipovamiwa, na kutoka pale hadi dukani ni mwendo wa siku nzima kwa miguu.

"Kwa nini hukulipeleka mahakamani, mama?" wakili akauliza.

"Nani aliniita?" mama akasema. "Nimelitunza hapa nikingoja mtu aje kuniuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Wakili akarudi garini, akakaa, hakuwasha. Aliogopa sana. Akikiri, jina alilolijenga miaka ishirini linakwenda, na huenda hata uwakili akavuliwa. Akikana, hakuna atakayejua, maana yule mama hana safari ya mjini na mfungwa hana ruhusa ya kwenda joshoni. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Siku ya rufaa akasimama, na siku hiyo hakuwa na maneno mengi. Jaji akamwuliza kama aliwahi kumwuliza mteja wake alikuwa wapi siku ya tukio.

"Sikumwuliza, Mheshimiwa," akasema. "Alianza kuniambia, nikamnyamazisha. Kosa ni langu."

Daftari likapokelewa. Mama wa josho, aliyeletwa na wakili kwa gari lake, akaapa, akaeleza. Upande wa Serikali ukasema haupingi rufaa. Hukumu ikafutwa, mtu akaambiwa aende kwao. Chumba kizima kilishusha pumzi, lakini nawaambia, aliyeshusha pumzi kuliko wote ni yule wakili. Alilia mbele za watu na hakujificha.

Nje barazani mfugaji akamjia. Wakili akaanza kuomba radhi, na mnamjua, maneno yakaanza kujipanga vizuri. Mfugaji akainua mkono taratibu.

"Subiri, mzee," akasema. "Kaa kwanza. Nataka nikueleze siku ile nilikuwa wapi."

Wakili akashangaa. Kesi imekwisha, mtu ameachiwa, anaeleza nini tena? Lakini akakaa. Mfugaji akaeleza yote tangu alfajiri, jinsi ng'ombe mmoja, mtamba mwekundu, alivyogoma kuingia joshoni, alivyomrushia yeye mfugaji dawa mpaka machoni, na mama wa josho alivyomcheka. Wakili hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mfugaji akavuta pumzi ndefu.

"Sasa ndiyo nimetoka gerezani," akasema.

Haya, wapendwa, ninyi mlijiweka wapi katika mfano huu? Wengi wetu tumejiona ni mfungwa, tulioonewa, tunaongoja haki. Hapana. Sisi ni wakili. Mtoto anaanza kueleza kwa nini ameshindwa shuleni, tunamkatiza, kisha tunamwombea kwa machozi. Tunafunga siku tatu kwa ajili ya ndoa ya mtu ambaye hatujamwuliza kinachomsumbua. Tunasema vizuri sana juu ya watu ambao hatujawasikiliza, na tukimaliza tunapeana mikono.

Na mimi ndiye wa kwanza. Jumatano nilikwenda kwa mgonjwa mmoja wa kanisa letu. Nilimwombea nusu saa, majirani walisikia. Nikiwa mlangoni akaniambia kwa upole, "Mchungaji, hukuniuliza naumwa nini." Nilicheka, nikaenda zangu. Nilicheka, wapendwa, na tangu siku hiyo sina raha.

Lakini ashukuriwe Mungu, mgonjwa bado yupo, na mlango wa rufaa yangu haujafungwa. Hamjui nilivyopata nafuu nilipoliona hilo. Tukitoka hapa narudi kwake. Nitakaa kwenye kigoda chake, nitamwuliza, halafu nitanyamaza. Na wewe ambaye tayari umemkumbuka mtu wako, leo usibaki mlangoni kunipa mkono kwamba nimehubiri vizuri. Nenda kwake.