Daraja la Sarvane Lisilo na Mto

Nani hapa ananiita mwongo? Anyanyue mkono sasa nimwone sura, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nasema kwamba hapa kwetu Sarvane, kijiji kidogo kwenye milima ya Ufaransa, kuna daraja la mawe lenye matao matatu. Mikokoteni miwili ya ng'ombe inapishana juu yake bila kugusana. Na chini yake hakuna hata tone la maji. Kuna kondoo wanaokula majani. Nasema tena kwamba kila anayelivuka husimama katikati, akatazama upande wa pili kwa muda, ndipo akaendelea. Hata mleta barua huzima gari lake pale. Bisheni. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, lakini kisa hiki hakuna mwalimu anayekijua kunizidi.

Zamani mto Ombreti ulishuka kutoka kwenye theluji, ukapita katikati ya Sarvane kama mwenye nyumba anayepita sebuleni kwake. Wakati huo mito ilikuwa bado na adabu: haikuingia mahali pasipo na mlango, na palipofunguliwa mlango haikukataa. Ombreti ulikuwa umefunguliwa mlango Sarvane na mababu zetu, nao ukakaa.

Ukingo wa mashariki, upande wa juu, waliishi watu wa ngozi. Walizilaza ngozi za ng'ombe ndani ya mashimo yaliyojaa maji na maganda ya mwaloni mpaka zikawa laini, na viatu vya miji saba vilitoka mikononi mwao. Walinuka, ndiyo, lakini walinuka shibe. Ukingo wa magharibi, chini kidogo ya daraja, waliishi watu wa kitani. Majira ya baridi walifuma, na theluji ilipoyeyuka walivitandaza vitambaa vyao kwenye majani wakavimwagia maji ya mto, jua likavipiga, wakavimwagia tena, mpaka vikawa vyeupe vya kuumiza macho.

Nyuma ya kilima kulikuwa na kijiji kingine, Korvela, ndani ya bonde kavu. Watu wake walikunywa maji ya mvua kutoka kwenye mapipa. Sisi tuliwatania kila tulipokutana nao gulioni, tukiwauliza kama leo ni zamu ya nani kunawa uso. Ulikuwa utani mzuri sana.

Sasa, mkuu wa watu wa ngozi aliitwa Gaspari, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala. Na upande wa kitani alikuwepo mjane mmoja, Odila, ambaye marehemu mume wake alikuwa rafiki wa Gaspari tangu utotoni. Odila hakuwa na shamba wala mfugo. Alikuwa na kitani alichofuma majira yote ya baridi, na kama kisingekuwa cheupe kabla ya gulio la kiangazi, hakuna ambaye angekichukua, na yeye na wanawe wangeihama Sarvane kwenda kutumikia nyumba za watu. Mwaka ule watu wa ngozi walichimba mashimo mapya. Maji yakaanza kushuka rangi ya chai. Kila Odila alipomwagia kitambaa chake, kilizidi kuwa cha kahawia.

Akavuka daraja.

"Shemeji," alimwambia Gaspari mbele ya wafanyakazi wake, "nipe siku mbili tu kwa wiki. Siku mbili msifungulie maji ya mashimo yaingie mtoni."

"Shemeji yangu," Gaspari akajibu huku anafuta mikono, "kahawia nayo ni rangi. Waambie wanunuzi ni mtindo mpya wa mjini."

Wafanyakazi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Gaspari, sikuja kuchekesha watu. Nina watoto."

"Mto si wangu, mama. Zungumza nao wenyewe. Labda utakusikiliza, unasikia kila mtu."

Odila akarudi kwao. Hakulia, na hilo ndilo lililopaswa kuwatisha. Kesho yake aliwakusanya wanawake wote wa kitani wakapanda juu ya kijiji, mahali panapoitwa Shingo, ambapo ardhi ni nyembamba kati ya mabonde mawili. Nia yao ilikuwa ndogo: kuchimba mfereji wenye upana wa shuka, uyachukue maji kabla hayajafika kwa watu wa ngozi, uyazungushe mpaka kwenye majani yao. Walichimba siku tisa. Walikuwa wafumaji hodari kuliko wote duniani, lakini kuhusu mteremko wa ardhi walijua kiasi ninachojua mimi kuhusu hesabu za sehemu. Siku ya kumi wakatoa jiwe la mwisho.

Mlango ukawa umefunguliwa. Na mto, kwa adabu yake, ukaingia.

Ila haukuzunguka kwenda kwenye majani ya Odila. Uliivuka Shingo, ukashuka upande wa pili, moja kwa moja Korvela. Kufika adhuhuri, samaki walikuwa wanarukaruka kwenye matope chini ya daraja, na mashimo ya ngozi yamebaki na uji wa kunuka. Korvela, wanasema, watu walidhani ni kiama. Kisha wakaonja. Kisha wakaanza kucheza ngoma.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo sisi wa Sarvane tulipoonyesha ubingwa wetu. Mfereji ulikuwa bado mwembamba. Watu arobaini wenye nguvu, ishirini kutoka kila ukingo, wangeuziba kwa siku moja. Watu wa ngozi wakasema, "Aliyechimba ndiye azibe." Watu wa kitani wakasema, "Aliyetuchimbisha ndiye aanze." Na wakati wanasema, mto ulikuwa unatafuna Shingo, kila saa ukijipanulia kitanda.

Odila peke yake ndiye aliyerudi darajani. Alitembea mpaka katikati akasimama, akawaambia watu wa ngozi waliokuwa upande ule, "Mimi nimekosea, na ninyi mmekosea. Nimekuja nusu ya njia. Njooni na ninyi nusu, twende tukazibe." Akasubiri siku ile hadi jua lilipozama. Akarudi asubuhi akasubiri tena, na siku ya tatu pia. Hakuna aliyekuja. Siku ya nne Shingo iliporomoka, ikawa korongo ambalo hata mkijaza kanisa zima halizibiki. Wiki hiyo Odila alifunga vitambaa vyake vya kahawia, akawashika wanawe mikono, akaondoka kwenda kufua nguo za watu wengine. Alipita njia ya Korvela. Hakuna nyingine.

Korvela leo wana vinu vya maji, wana kiwanda cha ngozi, wana stesheni ya reli na maduka mawili ya mikate. Wana shule pia, ndiyo maana niliiacha: sikuona kwa nini niamke alfajiri nikafundishwe kuandika na wezi wa mto. Sisi tuna kondoo, viazi, na watu kumi na mmoja, mmoja wao mgonjwa. Na tangu siku hiyo, mtu wa Sarvane akifika katikati ya daraja husimama, akatazama ng'ambo aone kama kuna anayekuja kumkuta. Hayupo. Basi anaendelea na safari yake.

Hivyo ndivyo tunavyowasimulia wageni. Lakini kwa kuwa hamkunibishia, kuna kipande nimekiruka. Nimesema hakuna aliyekuja. Alikuja mtu. Siku ya pili, Gaspari alikuja na koleo begani, akafika mwanzo wa daraja, akamwona Odila pale katikati. Zilibaki hatua ishirini. Akasema moyoni, ngoja azimalize yeye, ndiye mdogo. Akasimama pale mchana kutwa, wakatazamana. Kisha akarudi nyumbani. Aliyasema hayo mara moja tu, kitandani, akikaribia kufa, akimwambia mwanawe. Mwanawe akamwambia mwanawe. Na huyo ndiye baba yangu.