Bi Pimbi Adai Mabati Yake

— Nimebeba ngano!
— Itue tuione!
— Haina kichwa.
— Tutashika mkia!
— Na mwongo ni nani?
— Si wewe hapo!

Haya, mmeshanitukana, sasa kaeni chini niwadanganye. Wewe wa nyuma acha kutafuna, unanipotezea maneno.

Palikuwa na Bi Pimbi, mjane wa watoto watatu. Mdogo hivi, ukipiga chafya jirani yake anapepesuka. Yeye na wanawe walikuwa wanakaa kwenye ufa wa mwamba. Mvua ikinyesha wanalowa, jua likiwaka wanaiva. Siku moja akanunua hoteli ya Ngedere. Hoteli yenyewe ilikuwa imeshakufa, maana Ngedere akipika maandazi kumi, saba anakula mwenyewe. Bi Pimbi hakutaka biashara. Alitaka pa kulala na wanawe, basi.

Paa la hoteli lilikuwa limeoza, akanunua mabati ishirini ya kuezekea. Akayabeba, kwara-kwara, kwara-kwara, mpaka kwenye kizuizi cha barabarani. Pale kizuizini alikaa Kiboko, mtoza ushuru wa pori zima. Kiboko alikuwa na tumbo linalofika kwanza, mwenyewe anafuata.

“Katika kila mabati matano, moja la serikali,” Kiboko akasema. Akatwaa manne.

Serikali yenyewe ilikaa bwawani. Kiboko aliyachukua mabati yale akaezekea dimbwi lake la tope, jua lisimchome mgongoni. Mmewahi kuona nani akiezeka dimbwi? Huyo.

Bi Pimbi akaezeka, ko-ko-ko, ko-ko-ko. Mabati kumi na sita yakaisha, likabaki tundu. Na tundu lenyewe likaangukia juu ya kitanda cha watoto. Masika yalikuwa yanakaribia, mawingu yameshaanza kujikusanya milimani. Bi Pimbi akilitazama lile tundu, machozi yanamlenga.

Lakini sheria ilikuwepo. Simba aliitoa siku moja akiwa ameshiba na moyo umelainika. Anayegeuza jengo la biashara kuwa makazi, arudishiwe ushuru wa vifaa vyake vyote. Ila kwanza Kiboko akague, aseme kwa kinywa chake kwamba pale ni nyumbani. Ndipo mjumbe wa mtaa agonge muhuri.

Bi Pimbi akaenda kudai. Kiboko akaja kukagua, pu, pu, pu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Naona kibao kimeandikwa hoteli. Kibao kipo, hoteli ipo. Ushuru haurudi.” Kisha akanusa, nfu, nfu. “Humo ndani mmepika nini?”

“Kunde, mzee. Karibu.”

Hapo mtu na adabu zake husema ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Kiboko neno hilo hakuwa nalo. Fyuuu, sufuria jeupe. Watoto wakanywa maji wakalala.

Bi Pimbi akang’oa kibao, akakipasua kuni. Akaenda tena kudai. Kiboko akaja kukagua, pu, pu, pu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Naona kaunta. Kaunta ipo, hoteli ipo. Ushuru haurudi.” Akanusa, nfu, nfu. “Humo ndani mmepika nini?”

“Viazi, mzee. Karibu.”

Fyuuu, sufuria jeupe. Watoto wakanywa maji wakalala. Safari hii Bi Pimbi hakulala. Alikasirika mpaka sikio likawa linacheza lenyewe.

Kulipokucha akaivunja kaunta, akaiunda kabati la nguo. Akakopa mchele huku, nazi kule, akapika wali wa nazi masufuria matatu. Halafu akaenda kumwita mjumbe wa mtaa, mzee Nungunungu, asiyependa mzaha hata kwenye harusi. Nungunungu akaja na muhuri wake shingoni, akakaa kwenye kona.

Kiboko akaja kukagua, pu, pu, pu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Naona masufuria makubwa. Nani anapikia watoto watatu masufuria yote haya? Masufuria yapo, hoteli ipo.”

“Kwa hiyo hapa ni hoteli, mzee? Ni kweli kabisa?”

“Hoteli, mama. Nishasema mara tatu.” Akanusa, nfu, nfu. “Ule ni wali?”

“Wali wa nazi, mzee. Karibu.”

Fyuuu. Fyuuu. Fyuuu. Kiboko akajifuta mdomo kwa pazia la watu. Bi Pimbi akamsogelea taratibu, mikono ameifunga mbele kama mhudumu.

“Kunde sufuria moja, mzee. Viazi sufuria moja. Wali masufuria matatu. Mabati arobaini.”

Kiboko akapaliwa. “Mabati ya nini?”

“Ya chakula, mzee. Hotelini watu wanalipa.”

Kiboko akawaza. Akatabasamu, meno yote nje. “Sawa. Kama unauza chakula, mimi nakudai ushuru wa kila sahani.”

“Nitalipa, mzee, nisilipe kwa nini? Katika kila mabati matano, moja la serikali. Wewe nipe arobaini, mimi nikurudishie manane hapo hapo.”

Kiboko akaanza kuhesabu kwa vidole vya miguu. Vidole vikaisha, mabati bado. Jasho likamtoka. Akaona kizuizi chote kinaondoka, na dimbwi, na bao la kukalia.

“Kwanza mimi sikununua kitu,” akafoka. “Nilikaribishwa. Tangu lini mgeni akalipia chakula nyumbani kwa watu?”

Hata nzi wa wali akatua.

“Nyumbani kwa watu,” akasema Nungunungu kule kwenye kona. Akaupulizia muhuri wake pumzi ya moto. Paa!

“Mzee mjumbe, ulimi umeteleza.”

“Ukiteleza tena ni mabati arobaini.”

Ulimi haukuteleza tena. Kiboko akaenda kung’oa mabati manne juu ya dimbwi, nyau, nyau, misumari ikalia. Akayabeba mwenyewe. Bi Pimbi akapanda juu, ko-ko-ko, tundu likazibika. Haikupita wiki, masika yakamwagika juu ya bati, to-to-to-to, na wale watoto watatu wakalala wakavu, mdogo wao akikoroma kushinda mvua.

Na Kiboko? Jua likamchoma mgongo, ngozi ikamwiva nyekundu. Ndiyo maana anashinda ndani ya maji, katoa macho na pua tu. Ukipita kandokando ya mto umebeba bati, usimsalimie, pita haraka.

Basi, watoto, funzo ni hili. Waheshimuni watoza ushuru, wanajua wanachokifanya. Msiwaulize maswali. Na mgeni akija mpikieni ashibe, wala msingoje malipo, maana ukarimu ni kitu cha moyoni. Ila mjumbe akae kwenye kona.

— Ngano nimeitua!
— Tumeiona mkia!
— Nani ana neno?
— Wewe ulikuwepo?
— Nilikuwepo. Nilifika wali umekwisha.