Mbege Isiyo na Mwenyewe

Sogeeni karibu. Aliyegombana na jirani yake asikae mlangoni, aje mbele kabisa, kwa sababu kesi hii itamhitaji.

Katika kijiji cha Kirawoni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa mjane aitwaye Ndeshau, na kipaji chake kilikuwa ndizi. Alipitisha kiganja juu ya mikungu iliyofunikwa kwa majani makavu, akasema upi umeiva hadi ndani na upi umeiva ganda tu. Alizichemsha ndizi hizo mpaka maji yakawa mekundu, akayaacha yachachuke, akayachuja, na harufu yake ilimtoa mtu njiani akajikuta uani kwake bila kukusudia. Ila ulezi ulimshinda. Uji wake wa kimea ulikuwa na mabonge, na mara nyingi uliungua.

Wa pili alikuwa Aikande, aliyekaa ng'ambo ya njia, na kipaji chake kilikuwa ulezi. Aliuloweka, akauotesha chini ya majani ya mgomba, na siku ya kuutoa aliijua kwa kutafuna punje moja. Uji wake wa kimea ulikuwa laini, mtu angeweza kumpa mtoto mchanga. Ila ndizi hakuwa na subira nazo. Alipika mbivu na zisizoiva pamoja, na mbege yake, pombe ile ya ndizi na ulezi, ikatoka nyepesi, kama maji yaliyosuuza sufuria.

Wa tatu alikuwa mzee Kisaria, na yeye hakupika chochote. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alinunua nusu kata kwa Ndeshau, akavuka njia, akajaziwa kwa Aikande, kisha akasimama katikati ya njia akakoroga kwa kijiti na kunywa akiwa amefumba macho. Watu walimcheka, halafu wakamwiga. Ikafika mahali wanywaji hawakai tena kwa Ndeshau wala kwa Aikande. Wanasimama njiani wanakoroga.

Hapo ndipo chuki ilipokomaa. Kila mwanamke aliona mwenzake anamwibia nusu ya wateja. Ndeshau aliwaambia watu kwamba Aikande anachovya vidole kwenye chungu. Aikande alisema mume wa Ndeshau hakufa kwa homa, alikufa kwa uji ulioungua. Neno hilo lilimfikia Ndeshau siku hiyohiyo, na tangu hapo hakumtamkia Aikande hata salamu.

Sasa, palikuwa na Bibi Nsia, mpikaji wa zamani. Jiko lake lilijengwa kwa mawe, mfereji wa maji ulipita nyuma yake, na sherehe zote za kijiji zilipikiwa pale. Magoti yalikuwa yamemkataa, na mwanawe wa Arusha alikuwa anakuja kumchukua. Bibi Nsia akatangaza kwamba jiko pamoja na chumba chake atamwachia mtu mmoja, atakayempikia mbege ya kuagia.

Ndeshau alilitaka jiko lile mara aliposikia. Shemeji yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kijana wake anaoa na atajenga pale anapokaa yeye, kwa hiyo atafute pa kwenda. Pa kwenda hakuwa napo. Jiko la Bibi Nsia lilikuwa paa, lilikuwa kazi, lilikuwa kila kitu. Lakini na Aikande naye nyumba yake ilikuwa imepigwa alama nyekundu ya kubomolewa, barabara inapanuliwa. Na Kisaria wanawe walikuwa wamembadilishia kufuli, kwa sababu ya huo ulimi wake wa pombe.

Wanawake wale walipeleka kila mmoja pombe yake. Bibi Nsia alionja ya Ndeshau akaiweka chini. Alionja ya Aikande akaiweka chini. Kisaria akachukua kata zote mbili bila kuomba ruhusa, akamimina, akakoroga, akampa. Bibi Nsia alikunywa yote.

"Hii ndiyo nitakayoagia," akasema. "Ndizi atapika Ndeshau, kimea atapika Aikande, na huyu atachanganya. Mwenye pombe hii ndiye mwenye jiko."

Wakapika, wote katika ua wa Bibi Nsia, Ndeshau upande wa mfereji na Aikande upande wa zizi. Hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwa Kisaria, ingawa walisikiana vizuri kabisa.

"Mzee Kisaria, mwambie huyo mama moshi wake unaingia kwenye ndizi zangu."

"Mwambie na yeye kwamba moshi wa kuni kavu haudhuru. Au kwao hawajawahi kuona kuni kavu?"

Kisaria aligeuza kichwa huku na huku na kuwaambia amewasikia. Lakini walipotawanyika aliongeza ya kwake. Alimnong'oneza Ndeshau kwamba Aikande anaomba ndizi zichachuke vibaya, ili aibu yote iwe ya Ndeshau. Kisha akavuka ua akamweleza Aikande vivyo hivyo kuhusu ulezi wake.

Ndeshau aliposikia hivyo, alichagua ndizi kama hajawahi kuchagua. Aliukataa mkungu mzima kwa sababu ya ndizi mbili. Alikesha akichochea moto, macho yamevimba kwa moshi, na kilichomshikilia macho hakikuwa kuipenda kazi. Alitaka pombe ile ikiharibika, watu wote waseme bila kusita: ndizi zilikuwa safi, kilichoharibu ni ulezi wa yule mwanamke.

Aikande, upande wa pili, alikuwa akipepeta ulezi wake upya kwa nia hiyohiyo.

Siku ilipofika, Kisaria aliwaondoa wote wawili kwenye pipa. Alimimina mchuzi wa ndizi kidogo, akaongeza uji wa kimea, akalamba kijiti, akatema, akamimina tena. Alitia kipande cha gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, akakitoa kabla ya muda ambao kila mpikaji angekitoa. Ndeshau alitaka kumpigia kelele. Akajizuia, maana Aikande naye alikuwa amefungua mdomo, na hakutaka waonekane wanakubaliana.

Wageni wakaja, gari la mwanawe Bibi Nsia likasimama uani. Sasa mnajua desturi: aliyepika hunywa kwanza mbele za watu, waone kwamba hakutia kitu kibaya. Bibi Nsia akachota kata ya kwanza, akauliza nani amepika.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ndizi zangu nazijua," akasema Ndeshau. "Uji uliomo siujui."

"Hata mimi," akasema Aikande, "kimea changu kingekuwa peke yake ningekunywa sasa hivi."

Kisaria akajitolea kunywa, na watu wakaguna. Mmoja akasema Kisaria angepewa hata mafuta ya taa angeomba aongezwe, kwa hiyo kunywa kwake si ushahidi. Wageni wakaanza kuweka kata zao chini. Bibi Nsia akatazama pipa, akamwambia mwanawe amwage pombe yote kwenye hori la ng'ombe, yeye ataondoka bila kuagwa.

Hapo ndipo Ndeshau alipoona kitu ambacho chuki ilikuwa imemficha. Anayekunywa kwanza ndiye mpikaji. Na mpikaji ndiye mwenye jiko. Akaruka akashika kata. Lakini Aikande naye alikuwa ameona kwa dakika ileile, na mkono wake ulishika upande wa pili. Wakavutana mbele ya watu wazima, mbege ikiwamwagikia kifuani. Ndeshau alipata funda la kwanza. Aikande akaipokonya kata, akamaliza yaliyobaki.

Ndeshau alisimama na funda lile mdomoni. Alikuwa ameomba liwe baya. Halikuwa baya. Ndizi zake zilikuwamo, alizitambua zote, lakini zilikuwa zimelala juu ya ule ulezi kama mtu aliyepata kitanda baada ya kulala chini miaka mingi. Hakuwahi kupika kitu kama kile, na alijua peke yake hatakipika kamwe. Alimeza. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja kabla Aikande hajayaona.

Watu wakanywa mpaka pipa likabaki na mashapo. Bibi Nsia akatoa ufunguo, akataka kila mtu aseme lake.

Ndeshau akasema mbege ni ndizi, na bila ndizi kile kingekuwa uji wa wagonjwa. Tena yeye ndiye aliyekunywa kwanza.

Aikande akasema bila kimea kile kingekuwa maji ya ndizi zilizooza. Na kama ni kunywa, Ndeshau alionja tu. Yeye ndiye aliyemaliza kata, na aliyemaliza ndiye aliyeamini.

Kisaria akasema vitu vile vyote vilikuwapo miaka yote, kila kimoja ng'ambo yake, na hakuna aliyevikutanisha ila yeye. Kisha, kwa kuwa alikuwa amelewa, akakiri ule uongo aliowanong'oneza. "Kama nisingewachochea," akasema, "mngepika kama mlivyozoea, ovyo ovyo."

Wanawake walimgeukia kwa pamoja, na kwa muda mfupi ilionekana kama watampiga. Bibi Nsia akawauliza kama wangeweza kukaa jikoni wote wawili.

"Bibi, nitalala na mbuzi wa shemeji kabla sijaosha chungu kimoja na huyu," akasema Ndeshau.

"Na mimi nitalala barabarani," akasema Aikande, "greda linikute hapohapo."

Bibi Nsia akawaambia kwamba ndiyo maana alisema mtu mmoja. Jiko lile lina moto, akasema, na watu wanaochukiana hawaachiwi moto mmoja. Lakini ufunguo ulibaki mapajani mwake, kwa sababu kila alipomtazama mmoja alimwona wa pili nyuma yake, na wa tatu akiwa amelala kando ya pipa. Mwanawe akawasha gari.

Atakayepewa ana paa. Wengine wawili hawana. Na yeyote atakayepewa, akibaki peke yake, hataweza kuipika tena mbege ile.

Basi gari linanguruma na bibi amewageukieni nyinyi. Mbege ni ya nani? Usiniambie unayemhurumia, maana wote ni wa kuhurumiwa, wala unayempenda, maana hakuna hata mmoja wao aliyempenda mwenzake. Niambie ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani, kisha uwatazame hao wawili utakaowanyima, uwaambie kwa nini.