Mdahalo Juu ya Ukuta wa Bwawa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kiti!
— Na kiti kikatakwa na nani?
— Na wagombea watatu!
— Basi nyamazeni nisimulie, maana wao hawakunyamaza.

Hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na bwawa moja. Ukuta wake ulikuwa wa udongo, na kazi ya mkuu wa nchi ilikuwa hiyo tu, kuutunza ukuta. Siku ya kumchagua mkuu, wagombea hawakuulizwa kitu. Kila mmoja alijaza maji mdomoni, akakanyaga udongo, akaziba nyufa mbele ya watu. Aliyeyamwaga ili aseme neno, alikwenda zake nyumbani. Kabla jua halijawa kali, mkuu amepatikana. Chekeni tu! Lakini wenzenu hawakukosa maji ya kunywa.

Sasa, Mzee Kifaru aliyekuwa mkuu akafariki. Kasuku akaruka juu, akasema, "Haya ya maji mdomoni ni mambo ya kizamani! Kwa wenzetu, viongozi wa vyama hufanya mdahalo." Kasuku alikuwa amesafiri, nani angembishia? Wakajenga jukwaa. Wakalijenga wapi? Juu ya ukuta wa bwawa, ili kila mtu aone vizuri! Nyie acheni tu.

Chini ya ukuta huo alikaa Bi Kanga, mjane, anaatamia mayai yake. Na juu ya kiota chake ukuta ulikuwa na ufa. Maji yanatoka, chururu, chururu, chururu. Kanga hana mikono, ayahamishe vipi mayai? Akayafunika, akapanda mdahaloni.

Kasuku akagonga kengele. Bi Kanga akasimama. "Waheshimiwa, ukuta unavuja. Maji yanakuja kwenye mayai yangu. Mtafanya nini?"

Fisi, kiongozi wa Chama cha Kucheka, akasogea mbele. "Mama yangu, swali zuri sana! Serikali yangu itajenga bwawa jipya, mara tatu ya hili!" Makofi, pa pa pa! Na huku chini, chururu.

Bi Kanga akauliza tena, "Ukuta unavuja. Mtafanya nini?"

Nyani, kiongozi wa Chama cha Matawi, akajikuna kifua. "Mama, tuambizane ukweli. Ufa ule tuliachiwa na uongozi uliopita." Makofi, pa pa pa! Na huku chini, chururu, chururu.

Bi Kanga akasema mara ya tatu, "Jamani, ukuta unavuja!"

Ngiri, kiongozi wa Chama cha Mizizi, akasafisha koo. "Tutaunda tume. Tume itaunda kamati. Kamati itautembelea ufa." Makofi, pa pa pa! Kasuku akagonga kengele, "Muda wako umekwisha, Mama."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi ningelia. Bi Kanga hakulia. Aliinama kwa adabu.

"Waheshimiwa, mmenijibu vizuri mpaka nimechoka. Naomba duru ya mwisho iwe ya kimila, ya maji mdomoni. Au kuna mheshimiwa anayedharau mila za wazee wetu?"

Ehe! Mbele ya wapiga kura? Nani adharau mila siku moja kabla ya kura? Fisi akasema, "Mimi ndiye mtoto wa mila!" Nyani naye, "Mila ndiyo mimi!" Ngiri akasema hakuna anayemshinda kwa mila. Wakashuka bwawani, wakajaza maji mdomoni, wakarudi jukwaani na mashavu yao yamevimba.

Pakawa kimya. Katika kimya kile kila mtu akasikia. Chururu, chururu, chururu.

"Hicho ni nini?" akauliza Twiga.

"Ni swali langu," akasema Bi Kanga.

Watu wote wakawatazama wagombea. Wagombea wakatazamana. Kusema hawawezi. Kusimama tu wanaona aibu. Basi wakashuka, mmoja mmoja, wakaanza kukanyaga udongo.

Fisi akakanyaga kidogo, watu wakampigia makofi. Akasikia utamu, akafungua mdomo, "Wananchi, mnaniona—" Maji yote kifuani! Nyani akajitahidi mpaka ufa ukabaki mdogo. Hapo akashindwa kujizuia, "Wazo hili lilikuwa la—" Maji yote tumboni! Akabaki Ngiri. Msimsifu sana, kule juu alidanganya sawasawa na wenzake. Ila mdomo ulikuwa umejaa, pembe zake zikapata nafasi ya kuchimba. Akachimba, akajaza, akashindilia. Chururu. Chu. Kimya.

Bi Kanga akakimbilia kiotani. Majani yamelowa, mayai makavu. Hapo ndipo alipolia.

Kesho yake kura zikapigwa, Ngiri akapata nchi. Akapanda jukwaani, kifua mbele, mdomo mtupu sasa. "Ndugu wananchi! Ushindi huu si wangu mimi—"

"Wanatoka!" Bi Kanga akaita kutoka chini. "Jamani, watoto wanatoka!"

Basi Twiga huyo akashuka. Nyani na Fisi wakashuka wanasukumana. Hata Kasuku akaitupa kengele, akaruka kwenda kuona vifaranga. Mkuu mpya akatazama kulia, hamna mtu. Akatazama kushoto, hamna mtu. Akakohoa. Akaona pale miguuni pake ufa mwingine, mwembamba. Akatazama tena kama yupo wa kumsikiliza. Hayupo.

Akashuka, akachota udongo.

— Nimefika mwisho, nimetua mzigo.
— Tumeupokea!
— Ulio mtamu, kaleni na watoto wenu.
— Na ulio mchungu?
— Huo ufanyieni mdahalo!