Mtoto wa Mnadi Aitwe Nani

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale kwao, maana mwisho wa hadithi hii unamtaka mtu aliye macho. Na wewe unayependa kukata kesi kabla hujasikia upande wa pili, leo nakuomba ufunge mdomo mpaka nitakapokuuliza mwenyewe.

Pale Kondoa palikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Tausi alijaliwa masikio. Alikuwa fundi wa kurekodi katika studio ndogo karibu na soko, na alisikia mambo ambayo mimi na wewe hatuyasikii. Pikipiki ikipita nje, yeye ndani anakwambia plagi yake imechoka. Maji yakikaukia kwenye sufuria ya jirani, Tausi anajua kabla harufu ya kuungua haijaanza.

Rukia alijaliwa tahadhari. Huyo alikuwa mwenzake Tausi katika studio ile ile, na kompyuta ilikuwa mikononi mwake. Akifunga mlango, akifika njiani hurudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Ni yeye aliyenunua diski ya nje na kuweka programu ya bakapu, ili kila kinachorekodiwa kipate nakala pembeni. Watu walimcheka sana, mpaka siku umeme ulipokuja kwa nguvu ukaiua kompyuta. Mashine ilikufa lakini kazi za watu zilibaki kwenye diski, na tangu hapo kicheko kiliisha.

Zamda alijaliwa mkono wa kutoa. Alikuwa na kibanda chake ukuta kwa ukuta na studio, akipiga picha na video za harusi. Ukisifia kitenge alichovaa, jiandae kuondoka nacho. Mama yake alikuwa akimwonya kwamba ipo siku atatoa hata kisichokuwa chake, naye alikuwa akicheka tu.

Sasa mjueni Swedi. Swedi alikuwa mnadi wa ng'ombe. Siku ya mnada alisimama juu ya gogo na fimbo yake, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza mitumba ng'ambo ya pili. Kisha koo likaanza kumuuma. Madaktari walimwambia ukweli, kwamba ugonjwa unatoka lakini sauti itatoka nao. Wakati huo mkewe, Mwasiti, alikuwa na mimba changa, baada ya miaka mingi ya kungoja na kusemwa na watu. Kabla ya kwenda kupasuliwa, Swedi aliingia studio akamrekodia mtoto wake maneno machache. Nakala moja aliiweka kwenye simu, na simu ikaibwa kwenye msongamano wa stendi. Nyingine ilibaki kwa Rukia, ikawa miongoni mwa kazi zilizonusurika kwenye diski kompyuta ilipokufa.

Swedi alirudi mzima, ana kitambaa shingoni na tundu la kupumulia chini yake. Maneno yake yote sasa aliyaandika kwenye simu mpya na kukuonyesha.

Mwasiti akajifungua mtoto wa kike. Babu yake alimwadhinia sikioni, hilo halina mjadala. Lakini Swedi alitaka mwanawe asikie pia sauti ya baba, hata kama baba mwenyewe hanayo tena. Asubuhi ile ile alikwenda studio, akamwonyesha Rukia simu: "Mtoto amefika. Nimefuata sauti yangu."

"Hongera sana, shemeji," alisema Rukia. "Sauti yako iko salama. Niliihifadhi kwa mkono wangu."

Zamda naye aliingia kutoka kibandani kuja kutoa pongezi. Rukia akaketi, akafungua diski, na kompyuta ikamwandikia kwamba diski imejaa.

"Haiwezekani," alisema. "Kazi zote tulizowahi kufanya hazifiki hata nusu yake."

Tausi alikuwa amevua spika za masikioni, ameinamisha kichwa. "Mbona inafanya kazi?" aliuliza.

"Nini?"

"Diski. Inaandika. Nani kaituma?"

Hakuna aliyekuwa ameituma. Rukia alifungua mipangilio ya programu, na Swedi, aliyezoea kusoma sura za wanunuzi, aliona sura yake ikibadilika. Ilikuwa hivi. Alipoweka programu kwenye kompyuta mpya, kwa ile tahadhari yake, aliiambia inakili kila kona, kila saa. Akaweka alama kwenye kila kona aliyoiona, na mojawapo ya kona zile ilikuwa diski yenyewe. Basi programu ikawa inainakili diski ndani ya diski, nakala inazaa nakala, mpaka nafasi ikaisha. Na kulikuwa na sharti jingine alilolikubali akiamini halitafika siku ya kutumika: diski ikijaa, nakala za zamani zifutwe kupisha mpya.

"Inafuta kuanzia wapi?" aliuliza Zamda.

"Kuanzia za mwanzo kabisa."

"Na ya Swedi je?"

"Ya shemeji ni mojawapo ya hizo," alisema Rukia.

Swedi alifungua kinywa apige kelele. Ni mazoea, mtu hayaachi kwa siku moja. Kilichotoka ni pumzi tu, ikapepea kitambaa shingoni. Alipiga meza kwa kiganja, akaonyesha kioo cha kompyuta, ambako majina ya nakala yalikuwa yakiondoka moja baada ya jingine. Hofu iliyomshika pale haikumshika hata alipolazwa kwenye kitanda cha kupasuliwa, maana siku ile alijua anaacha nini nyuma.

Rukia alibofya kusimamisha, mashine haikujibu. Akabofya tena. "Imeganda," alisema.

Swedi akaandika haraka, akainua simu mbele ya macho ya wote watatu: "Atakayeiokoa sauti yangu, mtoto wangu ataitwa jina lake."

Mnajua neno la mnadi lilivyo. Fimbo ikishagonga gogo, ng'ombe ana mwenyewe, hata kama mnadi anajuta. Wanawake wale walisoma.

Tausi alinyoosha mkono kwenye waya wa diski.

"Usiguse," alisema Rukia. "Ukiichomoa inaandika, unaweza kuiua kabisa, na tutakosa vyote."

"Ikimaliza kufuta moja, inapumzika kidogo. Naisikia."

"Tausi, nakukataza."

Tausi aliweka sikio juu ya diski kama mkunga anayesikiliza tumbo. Akangoja. Swedi alitazama midomo yake ikihesabu kitu ambacho wengine hawakukisikia. Kisha akavuta waya. Kioo kikatulia, na majina yakaacha kuondoka.

"Kama umeiua, dhambi ni yako," alisema Rukia.

Basi kazi ikamwangukia Rukia. Kwanza aliizima programu, akahakikisha imezimika, akahakikisha tena. Ndipo akairudisha diski. Ikawaka, lakini sasa ilikuwa inagonga ndani, ko, ko, ko, na hiyo hata Swedi aliisikia.

"Haikuwa inagonga," alisema Rukia.

"Imechoka kuandika usiku na mchana," alijibu Tausi. Lakini hakumtazama.

Ndani ya diski mlikuwa na nakala ndani ya nakala, zote zina majina yaliyofanana, na mtu mwingine angepotea humo. Kila faili lenye jina la Swedi alilolifungua lilikuwa tupu, ganda bila punje, maana lilinakiliwa diski ikiwa imeshajaa. Rukia hakuharakisha. Alikumbuka namna alivyopanga kazi za kompyuta ya kwanza, akazifuata tarehe kwa kurudi nyuma, na kila mlango aliofungua, diski iligonga. Mwishowe Rukia aliweka kidole kwenye kioo.

"Hii hapa. Kifurushi cha kompyuta ya kwanza. Ndicho kilichokuwa kinafuata kufutwa."

Swedi alipiga kofi moja la furaha, lakini Rukia alitikisa kichwa. Kifurushi kilikuwa kimefungwa pamoja na kazi zote za kompyuta iliyokufa. Hakiwezi kufunguliwa mpaka kihamishwe kizima kwenye nafasi iliyo wazi. Ndani ya diski nafasi hakuna, na diski inayogonga hivyo haithubutiki kufutwa wala kuandikwa tena; kwenye kompyuta nako haitoshi.

Swedi aliandika: "Nakwenda Dodoma kununua diski nyingine. Jioni nimerudi."

"Hii haifiki jioni, kaka," alisema Tausi. "Isikilize."

Ko ko ko. Ilikuwa inagonga kwa haraka zaidi.

Zamda alitoka bila kuaga. Alirudi na diski yake mwenyewe, ndogo kuliko ile ya studio, akaiweka mezani mbele ya Rukia. Rukia aliichomeka, akatazama, akamgeukia Zamda.

"Dada, hii imejaa mama yako."

Ilikuwa kweli. Marehemu Bi Mwanahawa alikuwa humo, siku zake za mwisho zote: amekaa barazani anachambua maharage, anasimulia, anagombana na kuku, anacheka mpaka anashika ubavu. Zamda alimpiga video kila alipopata nafasi, mpaka Mungu alipomchukua.

"Najua kilichomo," alisema Zamda.

"Umeweka nakala pengine? Nilikwambia mara ngapi uweke nakala?"

"Sijaweka."

"Basi tufute kidogo tu, tuone," alisema Rukia.

Akapiga hesabu. Kidogo hakikutosha. Kifurushi kilitaka diski karibu yote.

Zamda alinyoosha mkono afute, Swedi akaushika akauondoa kwenye kompyuta. Akaandika neno moja, hapana, akamwekea simu usoni. Zamda alilisoma.

"Mimi mama yangu nimemsikia tangu nizaliwe," alisema. "Mwanao hajakusikia hata mara moja."

Akabofya mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na hakungoja mtu amshukuru.

Kifurushi kikaanza kuhama. Walisimama wanne, wanasikiliza ile ko ko ko ikikimbizana na namba za kwenye kioo. Kilipofika mwisho, Rukia alihakikisha mara mbili. Alikuwa bado anahakikisha pale diski ya studio ilipotoa mlio mmoja mrefu ikanyamaza, na haijawaka tena mpaka leo.

Rukia akafungua faili. Sauti ikajaa chumbani.

"Tulieni. Tulieni nyote mnadani. Huyu aliyeingia hauzwi. Msimkague meno, msimzunguke kumpima kwa macho. Mwenye fedha zake arudi nazo kwake. Huyu ni wangu mimi, na mimi ni wake."

Swedi aliketi chini sakafuni akalia, na kilio chake hakikuwa na sauti. Nyumbani, Mwasiti alimwekea mtoto simu karibu na shavu. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Aliyelia ni Mwasiti.

Mngedhani hadithi imeisha. Ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya saba ilifika, siku ya akika, mbuzi keshachinjwa, mtoto anangoja kunyolewa na kupewa jina. Watatu wote wakaja. Tausi aliketi karibu na Swedi, akasema kwa upole lakini akasikika.

"Ningengoja ruhusa, leo tungekuwa tunazungumzia kitu kilichofutwa. Mimi ndiye niliyeusimamisha mkono wa mwizi."

"Ukaiua diski," alisema Rukia. "Ulivyoichomoa ndipo ilipoanza kugonga. Isingegonga, shemeji angekwenda Dodoma akarudi, na Zamda asingepoteza kitu. Mimi ndiye niliyeitafuta sauti nikaipata. Na bila bakapu yangu ingekufa na ile kompyuta ya kwanza."

"Bila bakapu yako isingefutwa. Nani aliyeiambia diski ijimeze?"

Zamda alikuwa amekaa mkekani, anachezea ncha ya kanga, hakudai chochote. Watu walianza kumtazama yeye. Mtu anayetoa bila kudai hupendwa, na Swedi alihisi moyo wake unaelekea huko.

Ndipo kaka yake Zamda, Athumani, aliposimama mlangoni. Hakuwa amezungumza na dada yake tangu siku ile.

"Swedi, nakupongeza kwa mtoto," alisema. "Lakini mama yule hakuwa wa Zamda peke yake. Ni mama yetu sote. Wanangu wadogo hawakumkuta, na ile video ndiyo waliyokuwa wamebakiziwa. Zamda ametoa mali yetu bila kutuuliza, na wewe unataka kumlipa kwa hiyo. Kama kuna aliyetoa, ni yule aliyefutwa. Mwite mtoto Mwanahawa, angalau na sisi tuwe na kitu cha kuita."

Zamda aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Kaka amesema kweli kuhusu video," alisema. "Kuhusu jina, sijui."

Mwasiti akamnong'oneza mumewe kwamba Bi Mwanahawa hakuahidiwa kitu, na aliyefutwa si aliyeokoa. Swedi alijua hivyo. Alijua pia aliandika nini kwenye simu ile, mbele ya nani.

Wala msiniambie ampe mtoto majina yote manne. Alishauliza hilo, na shehe alimjibu kwamba jina la kuitwa ni moja, mengine ni mapambo, na kila mtu pale alijua nani angekuwa jina na nani angekuwa pambo.

Shehe ameshika wembe. "Jina la mtoto," anauliza. Swedi ana simu mkononi, kidole kiko juu ya herufi. Tausi anamtazama. Rukia anamtazama. Zamda ameangalia mkeka, na Athumani bado yuko mlangoni, hajaamua kama anaingia au anaondoka.

Haya, sasa fungueni midomo. Kidole kile kingekuwa chako wewe, kingeandika jina la nani? Na ukishaandika, ungewaambia nini wale wengine, wewe usiye na sauti?