Nakuja ya Nguchiro

Mpo, wanangu?

Tupo, tunasikiliza.

Nisimulie?

Simulia, ila usikimbie.

Sikimbii. Siku hizi sina mbio.

Hapo kale wanyama walikuwa na bwawa moja tu. Kobe ndiye aliyetunza ukingo wake, yeye na mkewe. Mungu akamchukua mke. Tembo, mkubwa wa kazi, akamwajiri Nguchiro, kijana, amsaidie mzee.

Siku ya kwanza walifanya kazi vizuri. Jua lilipoinama, Nguchiro akapangusa matope, akasema, "Babu, nakuja." Akaenda zake.

Kobe akapakua uji, mabakuli mawili. Akangoja. Uji ukapoa, ukaganda. Nguchiro hakuonekana mpaka asubuhi.

Siku ya pili, nakuja ile ile. Kobe akapakua, akangoja, uji ukaganda. Asubuhi hakuuliza. Aliona kijana anamdharau, akanyamaza. Nguchiro naye, kwa kuuona uso ule uliokunjwa, akaona mzee hampendi, akanyamaza.

Siku ya tatu kaa wa matopeni walitoboa ukingo, maji yakaanza kutoka.

"Babu, ziba hapa kwa mgongo wako," Nguchiro akasema. "Nakuja." Akakimbia kuchota udongo.

Kobe akaziba. Akangoja. Mwisho akasema moyoni: kuja kwake nakujua, nikimngoja huyu bwawa litaisha. Akajitoa, akatambaa kwenda kumwita Tembo. Nanyi mnajua mwendo wa kobe.

Nguchiro akarudi na udongo. Ukingo haukuwapo. Maji yote yalikuwa yameshuka bondeni.

Tembo akawaweka mbele yake, akauliza nani alikosa.

"Nilisema nakuja," akasema Nguchiro.

"Hata jana ulisema," akasema Kobe. "Na juzi. Uji ukaganda."

"Uji gani, Babu? Jana nilikuwa naaga."

"Anayeaga husema kwaheri."

Nguchiro akainama. "Mama aliniambia kwaheri asubuhi moja. Hakurudi. Tangu siku hiyo mimi siisemi."

Bakuli la pili, ambalo Kobe alimpakulia kila jioni, lilikuwa la marehemu mkewe.

Mwaka ule wanyama walikunywa tope, na watoto wawili wa digidigi hawakuiona mvua. Kobe na Nguchiro wakajenga ukingo upya. Jua likiinama, Nguchiro husema, "Nakuja kesho, Babu." Na Kobe humjibu, "Mungu akipenda, mjukuu wangu. Lakini kunywa uji kwanza."

Basi, wanangu mnaofanya kazi na wazee, na sisi wazee tunaofanya kazi nanyi: neno la mwenzako likikuuma, muulize siku ile ile maana yake. Tukinyamaza, wanaolala na kiu ni wengine.

Pumzi yangu imefika hapo. Kilichokuwa kitamu nendeni nacho, kichungu niachieni mimi.