Doa la Chai na Wingu la Ihanga

Afutaye nyota zote hufuta na wingu. Methali hiyo mliisikia jana kwenye kikao cha kwaya, mkanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga. Sikuitunga mimi, wanangu, lakini siku ilipozaliwa nilikuwepo, nimekaa safu ya mbele, na ilianza hivi.

Hapa kwetu Makete, upande unaopanda kwenda Kitulo, ukoo wetu una kilima kiitwacho Ihanga. Juu yake ni upepo na baridi tupu, lakini anga lake ni safi ajabu. Lutengano, mtoto wa kaka yangu, mwalimu wa fizikia, aliomba kipande pale pamoja na mkewe Sekela, muuguzi wa zahanati. Wakajenga kibanda cha mabati, wakaweka darubini na kamera yao ndani. Wazee walikubali kwa shingo upande.

Watu hawakukawia kusema. “Mwanamume mzima anahesabu nyota, shamba limelala!” Maneno yakamfikia kaka yetu mkubwa, Mzee Ndelwa, mwenyekiti wa ukoo, ambaye akiamua jambo hata Mungu humwacha kwanza amalize. Akatangaza kwamba mvua za kwanza zikinyesha, ukoo utakaa kikao. Ama Lutengano atuonyeshe anachokitazama huko juu, ama kibanda kivunjwe na pale papandwe viazi.

Lutengano hakuwa na wasiwasi. Wakati wa kiangazi yeye na Sekela walikuwa wamepiga picha za nebula, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi lililoko mbali sana angani. Shida ya wingu lile ni mahali lilipo. Liko katika Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe unaokatiza anga la usiku, pale ambapo nyota zimejaa kama unga uliomwagika. Ukiitazama picha yake unaona nyota tu, na wingu limefifia kama mgeni mpole kwenye nyumba ya wasemaji. Ndiyo maana wapiga picha wa anga wana kazi yao ya pili, ya kwenye kompyuta. Picha nyingi za sehemu ileile huunganishwa kuwa moja. Kisha nyota hutengwa pembeni kwa programu maalumu, wingu huangazwa peke yake, halafu nyota hurudishwa zikiwa zimepunguzwa ukubwa. Hurudishwa, nimesema.

Sasa Lutengano alikuwa mtu wa usafi wa kuudhi. Hata kalamu mezani kwake zilielekea upande mmoja. Asubuhi ya kikao alikaa kwenye kompyuta kumalizia kazi. Alipoziondoa nyota kubwa, wingu likajitokeza, akafurahi. Akaona bado kuna vidoti, akapitisha programu tena. Vikabaki vidogo zaidi, akapitisha tena. Kila mara alihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, na picha za mwanzo alikwisha kuzifuta ili apate nafasi. Programu nayo haina macho ya mtu. Kila kilichong'aa ilikiita nyota. Ilipomaliza nyota ikaanza kula sehemu zenye mwanga za wingu lenyewe, na kila ilipokula ikaziba kwa rangi ya jirani.

Sekela alirudi kutoka zahanati mchana, mwavuli unachuruzika.

“Mama Tupo, njoo uone,” Lutengano alimwita kwa furaha. “Hakuna nyota hata moja!”

Sekela akainama. “Na wingu liko wapi?”

“Si hilo?”

“Hili ni doa la chai kwenye kitambaa cha meza, Baba Tupo. Lile wingu lenye kifua na mabega liko wapi? Na zile nyota za katikati ndizo zinazoliwasha. Umezizima!”

Lutengano akatazama. Asubuhi nzima alikuwa akitazama vidoti, na sasa ndipo alipoitazama picha. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na sehemu ile ya anga ilikuwa imekwisha kuzama pamoja na jua, haitarudi mpaka mwakani.

“Kibanda kimekwenda,” alisema. “Nimekivunja mwenyewe kabla ya wazee.”

“Kadi ya kamera iko kabatini,” Sekela alisema.

“Ya nini? Si nilikwambia uifute?”

“Uliniambia. Lakini mkono wako mwepesi nimeanza kuujua kabla hujanioa. Sikuifuta. Picha zote zimo.”

Sekela mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwamba mumewe alicheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia na mwavuli uleule, wakalowa wote wawili. Wakaanza upya pamoja. Kila Lutengano alipotaka kufuta kidoti kimoja zaidi, Sekela alimpiga kofi mkononi. “Inatosha, bwana!” Nyota zikarudi zote, ndogo, zimetulia.

Alasiri tulijaa kwenye ukumbi wa kanisa, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Picha ikawaka. Wingu lilikuwa jekundu, lina mikunjo na vilindi vyeusi, na nyota zimetapakaa kote. Nyuma yangu mama mmoja alisema, “Yesu wangu!” Mzee Ndelwa akasimama, akasogea karibu na shuka.

“Ni nzuri,” alisema. “Lakini hivi vidoti vinachafua. Ungevifuta.”

Lutengano akaangua kicheko, akawaonyesha watu lile doa. “Nilivifuta, Baba mkubwa. Hiki ndicho kilichobaki.”

Mzee alilitazama doa, kisha akageuka akatutazama sisi. Ukumbi ule zamani haukututosha, na siku ile mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu.

“Mwenye gitaa tulimkataza makelele, akahamia Mbeya,” alisema taratibu. “Mwenye nyuki tulimfukuza na mizinga yake. Waliooa tusikotaka hawaji tena. Kila mara nilisema nausafisha ukoo. Na leo nimekuja kuvunja kibanda.” Akajifuta uso kwa kofia. “Kibaki. Viazi tutavipanda kukizunguka. Na hao wengine waandikiwe, waambiwe Ndelwa anawaita nyumbani.”

Sekela alikaa chini ghafla kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mchungaji akachungulia. Ndipo mtu mmoja mbishi akauliza ni kwa nini mzee amebadili uamuzi wake, wakati hajawahi kuubadili maishani. Kaka yangu akanyoosha mkono kwenye lile doa la chai.

“Afutaye nyota zote,” alisema, “hufuta na wingu.”